Mzigo Usiopita Mizani: Hofu ya Njia Kuu ya Ujiji

Lori likikatika ekseli kwenye kona, iwe kati ya Kasulu na Kibondo au kwenye vilima vya kuelekea Uvinza, utingo hashuki na spana kwanza. Anashuka na panga. Anakata matawi mabichi kando ya barabara, anayatandaza kwenye lami nyuma ya trela na mbele ya kichwa, fungu hapa, fungu pale, ili anayekuja na mzigo wake apunguze mwendo kabla hajaiona hatari yenyewe. Hakuna anayemlipa kwa matawi hayo, na anayewekewa ni mtu asiyemjua. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858 pamoja na John Speke, aliandika juu ya desturi inayofanana nayo: njia ilipogawanyika, waliotangulia katika msafara waliweka tawi au walichora mstari kwa mguu kwenye njia isiyo yenyewe, ili waliobaki nyuma na mizigo yao wasipotelee porini. Sidai kwamba tawi la utingo limetokana moja kwa moja na tawi la mpagazi. Miti iko kila mahali, na mwenye akili hahitaji kurithi wazo jepesi namna hiyo. Dai langu ni zito zaidi. Kwa miaka mingi watu waliofanya kazi kwenye njia ya kwenda Ziwa Tanganyika waliichukulia hofu ya safari kuwa mzigo wa msafara mzima, wakaugawana kama walivyogawana marobota ya nguo na pembe za ndovu. Dereva wa lori wa leo amerithi njia hiyo, amerithi hofu yake, amerithi hata maneno yake, lakini mgawanyo ule umevunjwavunjwa, na kwa sehemu kubwa mzigo umebaki juu ya kifua cha mtu mmoja. Tunapomwambia ajikaze, tunaisahau historia ya kazi yake.

Tuanze na hofu yenyewe, maana si haki kuisifu dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ni takribani kilomita 1,200, na msafara wenye mizigo ulizitembea kwa miezi mitatu au zaidi. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushei, na juu yake akaongeza mkeka wake, chombo cha kupikia, akiba ya chakula na silaha. Kati ya Ugogo na Unyamwezi lilikuwapo pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, na jina linajieleza. Huko watu walitirikeza: walikunywa, wakapika, wakaondoka jua likiwa kali, wakatembea hadi giza, wakalala bila maji, na kesho yake wakaendelea hadi kwenye kisima kinachofuata, wakiomba kisiwe kimekauka. Baada ya Tabora palikuwa na misitu, palikuwa na hongo ya kulipwa kwa kila mtemi mwenye nguvu, na palikuwa na mto Malagarasi, ambao msafara haukuvuka mpaka watawala wa Uvinza na wenye mitumbwi wamelipwa. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alipoingia vitani na Waarabu wa Tabora, njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji ilifungwa, na mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta mmisionari David Livingstone, alilazimika kuzunguka kusini kupitia misitu ya Ukonongo. Vita hiyo ilidumu hadi 1875. Kulikuwa na ruga-ruga, wapiganaji walioogopwa njiani. Kulikuwa na ndui na kipindupindu, magonjwa yaliyosafiri na misafara yenyewe, na mgonjwa aliyeshindwa kutembea aliweza kuachwa njiani.

Kiswahili kina maneno mengi ya hali inayompata mtu mbele ya mambo kama haya: hofu, wasiwasi, wahaka, jakamoyo. Jina la Bagamoyo lenyewe wengi hulifafanua kuwa ni bwaga moyo, na hata kama wanaisimu hawajakubaliana juu ya asili yake, ufafanuzi huo umeishi kwa sababu unasema jambo ambalo wasafiri walilitambua, kwamba moyo nao hubebwa, na kwamba kuna mahali pa kuutua. Kilichoiwezesha hofu ile kubebeka ni kuwa ilikuwa na mahali pake na majira yake. Kila mtu alijua Mgunda Mkali uko wapi, na mto utavukwa siku gani. Jambo lenye mahali na majira linaweza kupangiwa watu wa kulikabili.

Mtu wa kwanza kupangiwa alikuwa kirangozi. Huyu alitangulia mbele ya mstari, mara nyingi akiwa na vazi jekundu na manyoya kichwani, akiwa na bendera, na nyuma yake ngoma na baragumu la pembe. Asubuhi yeye ndiye aliyepaza sauti kwamba leo kuna safari, na mizigo ikainuliwa. Wageni wa Kizungu walimwona kama kichekesho. Mimi naona walikosa kuelewa kazi yake. Katika mstari wa watu mia tatu uliojinyoosha msituni, mtu wa katikati haoni mwanzo wala mwisho. Haoni ila mgongo wa mwenzake. Kinachomtisha ni kutojua. Baragumu likilia mbele anajua njia ni salama na mwendo haujabadilika. Likinyamaza anajua kuna jambo. Ile ngoma ilikuwa habari. Na mavazi yale mekundu yalifanya kazi ambayo hakuna maneno yangeifanya: yalimweka mtu mmoja, aliyeikubali kazi hiyo mbele ya wenzake, mahali ambapo hatari ingempiga wa kwanza, wenzake wote wakimwona.

Kirangozi hakuwa peke yake. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na wanyampara wao, wazee wa safari waliowasemea mbele ya mwenye msafara, na usiku msafara uligawanyika katika vikundi vidogo vya watu waliochangia chungu kimoja. Mmoja alitafuta kuni, mwingine maji, mwingine alisimamisha kibanda, mwingine alikwenda kununua chakula kwa posho ya kikundi. Wengi walifuatana na wake zao, na wanawake hao walipika, walibeba, walilea watoto na kuuguza wagonjwa. Boma la miiba lilizungushwa pale palipokuwa na hofu ya simba au ya watu. Kisha zilipigwa ngoma, jambo lililowashangaza wasafiri wengi wa Ulaya: watu waliochoka vile wanapata wapi nguvu za kucheza? Swali hilo limejijibu katika kila kazi ngumu ya ukanda huu. Nyimbo za kuitikiana zilipanga pumzi na hatua mchana, na usiku zilimruhusu mtu kusema kwa sauti, mbele ya wote na bila kuadhibiwa, kwamba posho ni ndogo, kwamba bwana ni bahili, kwamba amekumbuka kwao. Wasiwasi ukishaimbwa na watu hamsini unakuwa malalamiko, na malalamiko yana pa kupelekwa.

Lakini kama kuna kitu kimoja ninachokiweka juu ya vyote hivi, ni utani. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha jinsi utani ulivyotanda kando ya njia za misafara katika karne ya 19, na yeyote anayejua mahusiano ya Wanyamwezi na Wazaramo mpaka leo anaona mabaki yake. Tumeuzoea utani kama kuchokozana tu, mmoja kumwita mwenzake mla hiki au mwoga wa kile. Huo ni upande wake mwepesi. Upande mzito ni msiba. Mtani ndiye anayeingia kwenye nyumba iliyofiwa na kufanya kazi ambazo ndugu hawaziwezi kwa uchungu. Ndiye anayeosha, anayechimba, anayewachekesha waliofiwa kwa maneno ambayo mwingine akiyasema atapigwa. Hebu fikiria maana yake kwa kijana wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, anayeshuka pwani kwa mara ya kwanza, miezi kadhaa mbali na mama yake. Hofu kubwa ya msafiri ni kuanguka ugenini, asiwepo wa kumwita jina wala wa kumfukia, fisi wakamaliza kazi. Utani uliijibu hofu hiyo kabla hajaondoka: kuna nchi ambayo hujawahi kuikanyaga, na watu wake watakutukana, watakunyang'anya kofia yako, nawe utachukua kuku wao bila kuomba, na ukifa watakuzika. Sijui bima yoyote ya leo inayogusa kiini cha wasiwasi kwa namna hiyo. Tena haikuwa bima ya mtu mmoja na kampuni. Iliwafunga watu wote wa nchi mbili, na ilifanywa upya kila mara msafara ulipopita, kwa matusi na kicheko.

Ujiji palikuwa mwisho wa njia kwa wengi, na msafara uliokaribia mji ulitangaza kufika kwake kwa kupiga bunduki hewani. Mji wenyewe ulijengwa na watu waliovuka: Waha wenyeji, Waswahili na Waarabu wa pwani, Wanyamwezi, na watu wa ng'ambo ya ziwa, Wamanyema, Wagoma na Wabwari, ambao wajukuu zao ndio Ujiji ya leo. Mbele yao lilikuwa ziwa, na ziwa lilikuwa na hofu zake. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa akikaribia Ujiji, alisikia ngurumo kama ya radi ya mbali, na wenyeji wakamweleza kuwa ni mlima Kabogo, ambapo maji huingia kwa kishindo katika mapango, na kwamba mitumbwi ilipotea hapo. Wenye mitumbwi walipopita walilitupia ziwa shanga na nguo. Msomaji wa leo anaweza kusema huo ni ushirikina, na kwa upande wa imani ana haki ya kusema atakavyo. Mimi natazama kilichofanyika ndani ya mtumbwi. Kabla ya kuingia mahali pabaya, watu wote walisimamisha makasia. Nahodha alikiri mbele yao kwamba hapa ni pabaya. Kila mmoja aliona kitu cha thamani kikitolewa kwa ajili ya uhai wake. Kisha wakashika makasia pamoja. Hofu ilipewa dakika zake hadharani, haikuachwa imng'ate kila mtu kimyakimya huku akijifanya shujaa.

Hapa panastahili kusimama, kwa kuwa najua kuna atakayesema kwamba ninapaka rangi nzuri ukuta uliooza. Njia hii hii ilipitisha watumwa. Wengi waliobeba pembe kutoka Manyema kuvuka ziwa hadi Ujiji hawakuajiriwa. Walikamatwa, na hakuna wimbo uliowatoa mnyororo shingoni. Hoja hiyo ni ya kweli na siijibu kwa kuipunguza. Ninachosema kuhusu mgawanyo wa hofu kinawahusu watu waliokuwa na kiasi cha uhuru, Wanyamwezi na wengine walioingia mkataba wa safari kwa ujira, na tofauti kati yao na waliofungwa inaonyesha hasa jambo ninalolisema. Utumwa ulimwondolea mtu mapatano yote yaliyomsaidia mpagazi kuvumilia: mzee wake, chungu chake, mtani wake, haki ya kugoma. Hofu ya mtumwa haikugawanywa na mtu. Hata kwa walio huru, mambo hayakwenda sawa siku zote. Mwaka 1876, Stanley aliporudi Ujiji katika safari yake ya pili, ndui ilikuwa mjini na habari za kutisha zilienea juu ya watu wa Manyema, kwamba wanakula watu. Zaidi ya watu thelathini wa msafara wake walitoroka kabla ya kuvuka ziwa. Stanley aliwaona wasaliti, akawaweka wengine chini ya ulinzi hadi wavushwe. Mtu anaweza kusema: basi zile ngoma na nyimbo zilisaidia nini, ikiwa hofu iliwashinda ukingoni mwa maji? Naisoma habari hiyo kinyume. Kutoroka kulikuwa sehemu ya mpango uleule. Watu wale hawakukimbia mmoja mmoja kwa kupagawa. Waliipima safari wakaiona imezidi mapatano, wakaondoka. Hofu iliyosikilizwa mapema ingemgharimu bwana wa msafara posho ya siku chache na maneno. Hofu iliyopuuzwa ilimgharimu watu.

Wapo pia watakaosema kwamba ushahidi wangu umetoka kwa Wazungu, na Wazungu waliona walichotaka. Ndiyo maana nafurahi kwamba tuna sauti za Waswahili wenyewe. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, na ingawa ni masimulizi ya mfanyabiashara mkubwa mwenye bunduki nyingi, anaonyesha mara kwa mara jinsi mali yake ilivyotegemea wapagazi wasiotaka kwenda. Sleman bin Mwenye Chande aliandika habari za safari yake kutoka pwani hadi Tanganyika, na ikachapwa mwaka 1901 katika kitabu cha Safari za Wasuaheli kilichokusanywa na Carl Velten. Katika maandishi ya namna hiyo msamiati wenyewe ni ushahidi. Aliyetoa mtaji anaitwa tajiri. Chakula cha njiani kinaitwa posho. Leo dereva anayetoka bandari ya Dar es Salaam na kontena anamwita mwenye gari tajiri, na fedha za kula njiani anaziita posho. Neno mnyampara nalo limeishi, lakini limegeuka sura. Lilianza kama mzee wa wapagazi, mtu wao. Leo nyapara ni msimamizi wa kukaripia, na wengi humfikiria gerezani. Katika mabadiliko ya neno hilo moja naona sehemu kubwa ya historia ninayoieleza: mtu aliyewasemea wabebaji amekuwa mtu wa kuwasimamia.

Reli ilifika Kigoma Februari 1914, takribani kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam, na kwa siku moja, kama tunaweza kusema hivyo, Ujiji ikawa pembeni ya Kigoma yenye kina kizuri cha bandari. Meli ya Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, ililetwa kwa vipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa Kigoma na kuingizwa majini 1915. Ilionekana kuwa enzi ya mabega imekwisha. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilionyesha vinginevyo. Majeshi ya Ubelgiji yalipoingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, yalikuja na wabebaji wengi waliotolewa Kongo, na upande wa Uingereza na wa Ujerumani vilevile wanaume walikamatwa vijijini kwa maelfu na maelfu. Wanahistoria hukadiria kuwa wabebaji wa upande wa Uingereza peke yao waliokufa wanakaribia 100,000, wengi wao kwa magonjwa na njaa. Jina la Kariakoo, lililotokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wabebaji, limebaki kuwakumbuka. Sisemi walikufa kwa kukosa nyimbo. Walikufa kwa kuhara, kwa unga mbovu na kwa mvua. Lakini angalia walivyopangwa: waliandikwa namba, wakatengwa na wazee wao, wakachanganywa bila kujali nani ni mtani wa nani, wakapewa mwendo na ofisa aliyepanda farasi au aliyekaa ofisini. Mgonjwa hakuwa na kikundi cha chungu cha kumtetea abaki nyuma. Kila kitu ambacho njia ya Ujiji ilikuwa imejifunza katika miaka mia kuhusu kumfikisha mtu akiwa mzima kilitupwa katika miaka minne.

Baada ya reli likaja lori, na hofu ikarudi barabarani. Katika Mkoa wa Kigoma ilikuwa na sababu zake. Vita vya Burundi na Kongo katika miaka ya 1990 vilivusha wakimbizi kwa malaki, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996, na bunduki nazo zilivuka. Kwa miaka mingi kipande cha barabara kutoka Nyakanazi kushuka Kibondo kilijulikana kwa utekaji wa magari, kiasi kwamba mabasi yalisindikizwa na polisi wenye silaha. Magari yalisubiriana, yakajipanga, yakaondoka pamoja, ya mbele na ya nyuma yakiwa na askari. Yaani msafara ulirudi, kwa jina lake na kwa umbo lake, na ulirudi kwa sababu ulifanya kazi. Ng'ambo ya ziwa hofu haijaisha. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa na waasi katika Kivu Kusini, malori yao mengine yakachomwa moto, na waliokolewa siku chache baadaye na jeshi la Kongo. Pale palikuwa jirani na Manyema, nchi ileile ambayo zaidi ya watu thelathini walikataa kuiendea mwaka 1876.

Hata hivyo, mtu mwenye kupima mambo ataniuliza: hatari ya leo si ndogo sana ukiilinganisha na ya jana? Sehemu kubwa ya barabara imewekwa lami. Daraja la Kikwete limevuka Malagarasi, na hakuna wa kupatana naye bei ya mtumbwi. Dereva ana simu, ana kibali, ana bima, na Dar es Salaam anafika kwa siku, hali mpagazi alihesabu miezi. Basi wasiwasi wake unatoka wapi, kama si udhaifu wa kizazi? Nadhani swali hili linachukulia kwamba wasiwasi hupanda na kushuka pamoja na hatari, na historia ya njia hii inaikanusha dhana hiyo. Dereva ameshika usukani usiku, nyuma yake tani thelathini za mali ya mtu. Kikiibwa kitu, ni yeye. Breki zikishindwa mteremkoni, ni yeye. Akichelewa mpakani kwa karatasi ambazo hakuziandika, simu inamlia yeye. Mizani hupima mzigo wa kila ekseli, lakini mzigo huu haupiti mizani. Mpagazi aliyepoteza robota alikuwa na mnyampara wa kumsemea. Dereva aliyefukuzwa kazi kwa simu akiwa Nyakanazi anarudi nyumbani peke yake. Na kwa sababu hofu yake haina siku wala mahali, maana inaweza kumpigia simu saa yoyote, hapati pa kuitua. Mwili unaokaa macho namna hiyo hutafuta njia zake: pombe kali za vifuko vya viroba mpaka zilipopigwa marufuku Machi 2017, mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu, au ukimya wa mtu anayeogopa kulala.

Wengine watasema dereva hayuko peke yake, kwa kuwa ana utingo, ana wenzake kwenye maegesho, ana mama ntilie anayemjua jina, ana ishara ya taa inayomwambia kuna askari mbele. Nakubali, na nafurahi. Hivyo vyote ni mabaki ya msafara, na kila ninapoona vinavyofanya kazi ndipo ninapozidi kuamini hoja yangu. Utingo ni mtu wa chungu kimoja. Taa zinazowashwa mara mbili ni baragumu. Matawi kwenye kona ni matawi. Tatizo ni kwamba vimebaki kwa hisani ya madereva wenyewe. Havikuandikwa katika mkataba wowote, na tajiri anayetafuta kupunguza gharama huanza na utingo. Miradi ya afya iliyowafuata madereva barabarani tangu miaka ya 1990 ilikuja kwa sababu ya UKIMWI, na ilifanya kazi ya maana, ila ilimwona dereva kama mwili unaoweza kuambukiza. Siku hizi tunaanza kusikia habari za afya ya akili, na ushauri unaotolewa ni wa mtu mmoja mmoja: vuta pumzi, pumzika, zungumza na mtaalamu. Sina ugomvi na mtaalamu. Anayehitaji tiba apewe tiba, na asione haya. Lakini kumpa mtu mmoja mbinu za kubeba mzigo uliokuwa wa watu mia ni kumwachia mzigo uleule. Madereva wawili kwenye gari moja kwa safari ndefu, maegesho yenye ulinzi na maji, mzee wa madereva anayeweza kusema na tajiri bila kufukuzwa, kuondoka pamoja kwenye vipande vibaya: hakuna lolote kati ya haya ambalo njia ya Ujiji haikulijua.

Burton aliandika jambo jingine dogo kuhusu kirangozi, ambalo limekaa nami kuliko maelezo ya manyoya yake. Hakuna aliyeruhusiwa kumpita njiani. Aliyethubutu kutangulia alichomolewa mshale mmoja katika podo lake, na mshale huo ukawekwa kuwa ushahidi mpaka kambini, ambako alitozwa faini. Mwendo wa msafara uliamuliwa na mtu aliyetembea kwa miguu yake mwenyewe juu ya ardhi ileile, chini ya jua lilelile, na hata mwenye haraka alifungwa na hatua zake. Katika lori linalopanda kutoka Uvinza usiku huu, mwendo unatazamwa kwenye skrini ya mtu aliyeko Dar es Salaam, kilomita elfu moja na ushei kutoka hapo, ambaye haoni ukungu wala kona. Anaona tu alama ndogo ya gari iliyosimama, na anachukua simu kuuliza kwa nini.